Umeitwa ukae kikao cha kupandisha maskauti daraja? Soma hii kabla hujaenda

Juzi kijana mmoja, baba wa watoto wawili, kanisimamisha pale Langoni akaniambia shangazi, nimepigiwa simu Jumamosi nikae kwenye kile kikao cha maskauti cha kupandisha watoto daraja, sasa mimi skauti sijawahi kuwa hata siku moja, nikifika ntawauliza nini? Hilo swali nshaulizwa mara nyingi na kila mara najibu harakaharaka njiani, mtu ana kikapu chake mkononi na punda wanataka kupita, kwa hio leo naandika yote pamoja, atakayeitwa asome nyumbani kwake ametulia.

Miaka kadhaa sasa nakaa kwenye vikao hivi hapa Amu, yaani Lamu. Kama kuna kitu kimoja nataka ukishike mpaka ufike mlangoni ni hiki: mtoto haji kufanya mtihani. Mtihani ushapita, aliyeutoa ni lida wake, yaani kiongozi wake, na saini iko kitabuni. Kinachopimwa siku ile ni kazi yetu sisi watu wazima, yaani yale tuliyoahidi tutamfundisha huyu mtoto tulimfundisha kweli au tulimpa wino tu.

Utaratibu wenyewe tumeuchukua Marekani na tumeukata kidogo utukae. Chama chao, ambacho tangu Februari 2025 kinaitwa Scouting America na zamani kikiitwa Boy Scouts of America, kina ngazi saba: Scout, Tenderfoot, Second Class, First Class, Star, Life, halafu Eagle ndio ya juu kabisa. Ukitoa ile ya kwanza, kila ngazi mtoto akishamaliza kazi zake na kuzungumza na kiongozi wake hukaa mbele ya watu wazima wa kujitolea, wanamsikiliza, ndipo anapanda. Hio Eagle si mchezo, mtoto anatakiwa awe na beji za ufundi 21 na mradi wa kusaidia watu aliouongoza mwenyewe, na yote hayo ayamalize kabla hajatimiza miaka 18. Hapa Kenya uskauti upo tangu 1910, miaka mitatu tu baada ya Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, kuwapeleka wale vijana wake wa kwanza kambi kisiwani Brownsea kule Uingereza, na tuna makundi yetu ya umri, Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri, na beji na vyeti ni vya Chama cha Maskauti Kenya. Kwa hio usije ukadhani kikao chetu kinatoa beji. Hapana. Ni kikao cha kikosi, kinakaa kabla jina la mtoto halijatumwa mbele, ili likitumwa tuwe na uhakika nalo.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza: nani akae, nani asikae

Kule Marekani kikao hakipungui watu 3 wala hakizidi 6, na kila mmoja awe ametimiza miaka 21. Kiongozi wa kikosi hakai na wasaidizi wake hawakai, mzazi, mlezi au ndugu wa mtoto hakai, na mtoto na wazazi wake hawaruhusiwi kuchagua nani awe humo ndani. Kiongozi anamleta mtoto, anamtambulisha, na akibaki basi hasemi mpaka aulizwe. Sisi tumeyachukua hayo yote kama yalivyo na nakusihi msiyalegeze, manake lida ndiye aliyefundisha na ndiye aliyesaini, hawezi kuwa hakimu wa kazi yake, na tena ni mtoto gani wa miaka kumi na mbili atakwambia kambi haikuwa nzuri na lida amekaa pale anamtazama?

Hapo pa ndugu ndipo panapotushinda. Mji huu ukichimba kidogo kila mtu ni ami wa mtu, na usisahau kuna ndugu wa kunyonya ambao hakuna karatasi inayowajua. Sisi tunauliza siku tatu kabla. Katibu anapiga simu kwa kila mtu wa kikao, anamsomea majina ya watoto, anamuuliza yuko wako hapo? Akiwepo, anatoka kwa mtoto huyo tu kisha anarudi. Na tumezoea kuita mtu mmoja kutoka nje ya mtaa, Shela au Mokowe au Hindi, ambaye hajui huyu ni mtoto wa nani na babake aligombana na nani. Mtu huyo mara nyingi ndiye anayeuliza maswali mazuri kuliko sote.

Kama kuna binti anayekuja, awepo mwanamke kikaoni, hilo kwetu halina mjadala. Na usiogope kwamba hukuwahi kuwa skauti. Tumeshakaa na fundi wa mashua, muuguzi mstaafu, mama anayeuza vitambaa, wote wakafanya kazi nzuri kwa sababu walikuja kusikiliza. Aliyetusumbua zaidi ni mwenye kujua sana.

Hatua ya pili: siku na mahali

Hii wengi wanaidharau na ndiyo inaharibu kikao kabla hakijaanza. Kwanza angalia maji. Kama kuna watoto wa Matondoni au Kipungani wanaokuja kwa mashua, ukipanga saa nne asubuhi na maji yamekupwa, watafika saa saba wamechoka, jua limewapiga, na wewe ushaanza kutazama saa. Uliza mtu wa bahari akwambie wiki hio maji yanajaa saa ngapi, na kukiwa na bamvua, yale maji makubwa, uwe makini zaidi. Kusi ikivuma kwa nguvu msilazimishe watoto wa visiwa vya mbali kama Pate wavuke, ahirisheni au nyinyi watu wazima ndio mwende kwao, tulishafanya hivo na ilikuwa kikao kizuri kuliko vyote.

Pili, wikendi asubuhi watoto wengi wako chuoni wanasoma Kurani. Alasiri baada ya swala ndiyo saa nzuri, lakini mwisho wake uwe mapema, kila mtoto awe kwao kabla ya magharibi. Wiki ya Maulidi usipange chochote, hata ukipanga hutapata mtu. Na kwa watoto wa kikristo muulizeni lida kama Jumapili wana kanisa.

Mahali pawe darasa au ukumbi, mlango wazi na madirisha wazi. Baraza ya nyumba ya mtu haifai ingawa ni baridi na kuna kahawa, kwa sababu kila apitaye atasalimia na mtoto atakuwa anajibu maswali yake mbele ya mtaa mzima. Na hakuna wakati wowote mtu mzima mmoja anabaki peke yake na mtoto mmoja, si ndani, si kwenye ngazi, si kumsindikiza gatini. Wawili daima. Hata kama wewe ni mtu mwema na kila mtu anakujua, fanya hivo, unamlinda mtoto na unajilinda wewe.

Yule mtoto anayesubiri asikae mlangoni akasikia mwenzake anavyoulizwa. Mpe kiti mbali, mpe maji, na mpe mwenzake wa patroli, kile kikundi chao kidogo ndani ya kikosi, akae naye.

Hatua ya tatu: soma kitabu chake kabla hajaingia

Kila mtoto ana kitabu au kadi yenye kazi alizofanya, tarehe na saini. Kisome. Nusu saa inatosha kwa watoto wanne. Angalia kama kila kazi ya ngazi ile imesainiwa, angalia tarehe zinafuatana, na ukiona kurasa mbili nzima zimesainiwa siku moja kwa kalamu moja weka alama ndogo akilini mwako, usimtuhumu mtu, ntarudi hapo baadaye. Tafuta pia kitu kimoja cha kumuulizia ambacho ni chake peke yake, labda alisaidia kupanda mikoko, labda alikuwa mpishi wa kambi. Mtoto akiona umesoma kitabu chake anabadilika, anakaa wima.

Hatua ya nne: anapoingia

Mpokeeni. Simameni, mwambieni karibu mwanangu, kila mtu ajitaje jina na kazi yake, na mwenyekiti amwambie kwa maneno haya au yanayofanana nayo: hatukufanyii mtihani, tunataka utusimulie ulivyofika hapa. Nshaona bega la mtoto likishuka pale pale akisikia hivo.

Viti msivipange kama mahakama. Meza ndefu na watu watano upande mmoja na kigoda kimoja upande wa pili, hata mtu mzima ataogopa. Wekeni duara.

Kuhusu yunifomu. Kule Marekani wanasema mtoto avae ile aliyonayo, iwe safi na nadhifu, basi. Na hapa iwe hivohivo. Kuna watoto wana skafu tu, shati ni la skuli na viatu ni sendo, na nyumbani ni watoto sita. Mimi nilishakaa na mjumbe aliyetaka kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya soksi. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Skafu yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana, hio ndio heshima tunayoitafuta.

Hatua ya tano: maswali

Kikao changu cha pili nilikosea, na nasimulia ili wewe usirudie. Aliingia kijana wa Matondoni, miaka kumi na mbili, mwembamba, mikono yote sugu. Kitabuni mafundo yake yote yamesainiwa. Mwenzetu mmoja akatoa kamba mkobani akamrushia, akamwambia hebu tufungie moja baada ya moja tuone. Mimi sikusema kitu, na kisha badala ya kumzuia nikaongeza, na lile la kuokolea mtu majini unalijua? Mtoto akashika kamba, vidole vikaanza kutetemeka, akafunga, likafunguka, akafunga tena, kamba ikamsokota, macho yakaenda chini na hayakurudi juu. Tukamwambia hajawa tayari, aende akajifunze.

Wiki mbili baadaye nilikuwa gatini nasubiri boti. Mashua ya babake ikaja, maji yanavuta sana, na yeye ndiye aliyekuwa mbele. Akaruka mguu mmoja gatini mwengine bado chomboni, kamba mkono wa kushoto, akaizungusha, akaipitisha, akaivuta, ikakaza, na muda wote huo uso wake uko nyuma anaongea na nduguye kuhusu ndoo ya samaki. Hakuitazama ile kamba hata mara moja. Nikasimama pale nikajua kwamba tulimdhulumu. Nilimfuata nikamuomba msamaha, nikaenda kwa lida wake pia, na kikao kikaitishwa upya, kikamuuliza mambo ya kuulizwa, akapita.

Tangu siku ile sheria yetu ni hio waliyonayo Marekani, kwamba kikao si mahali pa kurudia mtihani. Hakuna kamba, hakuna dira, hakuna simama utaje sheria zote. Alichokifanya mtoto kimefanyika, hata akisahau nusu yake leo. Wewe mwenyewe ulifaulu hesabu ngapi skuli ambazo leo huwezi kuzifanya?

Sasa uulize nini. Uliza maswali ambayo jibu lake ni hadithi, si ndio au la. Mimi haya nayatumia kila mara: Kambini mlipika nini, na nani aliosha masufuria? Kuna kitu gani ulidhani hukiwezi na sasa unakiweza? Ni sheria gani ya skauti unaiona ngumu kuishika nyumbani? Nani kwenye patroli yako hajaonekana wiki hizi, na umemtafuta? Hilo la mwisho ni zuri sana kwa kiongozi wa patroli, siku moja binti mdogo tu alinijibu kwamba mwenzake haji kwa sababu anabaki nyumbani kulea mdogo wake mama akienda kazini, na kwamba yeye amekuwa akimpelekea kila wanachofundishwa Ijumaa jioni. Huyo unataka kumuuliza fundo gani tena?

Halafu uliza kuhusu kikosi chenyewe: mikutano inaanza kwa wakati? Mnapanga nyinyi au mnapangiwa? Ukiwa wewe ndiye lida ungebadilisha nini? Hapa nyamaza. Kabisa. Mtoto wa huku amelelewa kutosema neno baya kuhusu mkubwa wake, kwa hio jibu la kwanza litakuwa kila kitu kiko sawa, ukisubiri kidogo bila kumkatisha linakuja la pili, na la pili ndilo lenyewe.

Kuhusu dini. Ahadi ya skauti ina wajibu kwa Mungu, na unaweza kumuuliza anauelewaje wajibu huo, ukaachia hapo. Usimuulize anaswali ngapi kwa siku, usimuulize kanisa gani. Tuna watoto waislamu na wakristo, wa kisiwani na wa bara, Mpeketoni na kwengineko, na kikao si mahali pa kupima imani ya mtoto wa mtu, hilo liko baina yake na Mola wake na wazazi wake.

Muda: kule wanasema dakika 15 mpaka 30, na Eagle 30 mpaka 45. Fuateni hivo. Ikifika nusu saa na bado unauliza, jua unauliza kwa ajili yako.

Hatua ya sita: ukigundua saini ipo lakini kazi haikufanyika

Hii ndio ngumu na hakuna atakayekufundisha mpaka ikukute. Sisi ilitukuta kwa binti wa Mwamba, miaka kumi na tano, mtulivu, anajibu vizuri. Kitabu kinasema kambi ya usiku mbili, saini ipo, tarehe ipo. Yule fundi wa mashua, bila nia yoyote mbaya, akamuuliza usiku upepo ulikuwa unatoka wapi? Binti akanyamaza, akazungusha pete ya skafu yake kidoleni mara mbili tatu, kisha akasema, ami, hatukulala. Tulirudi saa kumi na moja jioni. Tuliambiwa itahesabiwa.

Alipotoka nje tulibishana sana. Mmoja akasema asipite, kitabu kina uongo. Mwengine akasema apite, saini si yake na asiadhibiwe. Wote wawili walikuwa na nusu ya haki na ndio maana ilichukua muda. Nikawaambia tutenganishe mambo mawili. Mtoto aliyefanya kazi na akasahau, huyo anapita, hakuna swali. Lakini kazi ambayo haikufanyika kabisa haifanyiki kwa sababu kuna wino juu yake, na kumpa beji ya kambi mtoto ambaye hajawahi kulala nje ni kumwibia ile kambi. Kisha kosa si lake, na yeye ndiye mtu pekee katika jambo lote lile aliyesema kweli bila kulazimishwa.

Kwa hio hatukumnyima, tuliahirisha. Tukamwita ndani, tukamwambia mbele ya wote kwamba ametufundisha kitu, kwamba hana kosa lolote, kwamba kikao chake kimefunguliwa na hakijafungwa, na siku akirudi kutoka kambini tutamalizia tulipoachia. Tukaandika hivo kwenye karatasi na nakala tukampa.

Kisha lida. Lida hasemwi mbele ya mtoto wala mbele ya wazazi, wala haandikwi kwenye grupu. Wawili wetu tulikwenda kwake jioni, tukakaa, tukanywa chai, tukamuuliza kulikoni. Akatuambia wazi, hela za boti ya siku ya pili hazikupatikana, na aliona haya kuwaambia watoto waliokuwa washafunga mizigo, akawaahidi akitumai atapata mahali pengine. Yeye ni wa kujitolea kama sisi, hana mshahara wa uskauti, mafuta mengine anatia mfukoni mwake. Sasa ukishasikia hivo kazi ya kikao inakuwa nini? Kutafuta boti. Tulitafuta, mwenye boti akakubali kwa bei ya mafuta tu, na wiki tano baadaye kikosi kizima kililala Manda usiku mbili. Yule binti akarudi kikaoni, na fundi akamuuliza swali lile lile la upepo, na akajibiwa kwa kirefu.

Kama tungempitisha tu au tungemfelisha tu tusingejua kwamba kikosi hakina boti. Na tulimwambia lida pia bila kuzunguka kwamba asisaini tena kitu ambacho hakikufanyika, akasema sawa, na hajarudia.

Hatua ya saba: uamuzi

Mtoto akitoka nje zungumzeni, kwa ufupi, na yanayosemwa humo yabaki humo. Uamuzi uwe wa wote. Kule Marekani hakuna kura ya wengi, mmoja akikataa mtoto hapandi, na mimi hilo mwanzo niliona limezidi lakini sasa nalipenda kwa sababu linamlazimisha anayekataa kueleza. Ukimwambia mtu sema sababu yako, na iko kwenye mahitaji ya ngazi hii au ni yako wewe? nusu ya pingamizi zinaisha hapo hapo. Huwezi kuongeza sharti ambalo halimo kitabuni. Nywele zake, kabila lake, mama yake aliyegombana na mama yako, namna anavyoongea, hayamo kitabuni.

Akipita, mwiteni ndani mara moja, simameni, mpeni mkono mmoja mmoja. Asiambiwe kesho, asiambiwe na mtu mwengine.

Akiwa bado, aambiwe siku ile ile, uso kwa uso, kwa upole: nini kimebaki, afanye nini, na arudi lini, tarehe yenyewe si siku moja moja. Kisha apewe maandishi. Na aambiwe pia kwamba kama hajaridhika ana haki ya kwenda mbele, kule kwao ni haki iliyoandikwa, na hapa tunamuelekeza kwa kamishna wa maskauti. Mzazi akija na hasira mpokeeni na msomeeni yale maandishi, msimsomee mliyoyazungumza.

Kuna kundi moja linasahauliwa, watoto ambao hawapandi. Mwaka mzima yuko ngazi ile ile, kitabu kimekaa kabatini. Waiteni na wao, si kuwagombeza, waulizeni wamekwama wapi. Kijana mmoja kumbe alikuwa anaogopa kuogelea, mtoto wa Amu anaogopa maji na anaona aibu kusema, alizama kidogo akiwa mdogo na hakuna aliyejua. Alipata mtu wa kumfundisha taratibu, maji ya magotini kwanza, asubuhi mapema pasipo na watu.

Hatua ya nane: baada ya kikao

Katibu aandike tarehe, majina ya waliokaa, jina la mtoto, uamuzi na yale ya kufanyia kazi kuhusu kikosi. Yale ya kikosi yaandikwe karatasi ya pili bila jina la mtoto aliyesema, manake kundi ni dogo na lida atamjua tu kwa namna ya kusema. Karatasi zikae kwa mtu mmoja, kwenye faili, zisizunguke kwa simu. Picha ya mtoto usiipeleke mtandaoni mpaka mzazi akubali.

Beji isicheleweshwe. Mtoto amepita mwezi wa tatu akavishwa mwezi wa kumi na moja kwa sababu tunasubiri mgeni rasmi, hio si sawa. Nendeni mkamuulize lida kila wiki jina limefika wapi. Ikija, avishwe mkutano unaofuata, mbele ya patroli yake, na sherehe kubwa ya wazazi na mgeni ije baadaye ikiwa lazima.

Na siku ya kikao chenyewe, kabla hamjafunga mlango, mtu mmoja ashuke gatini na mwenzake wahakikishe watoto wa Matondoni na Kipungani wamepanda chomboni wote na idadi ni ile waliyokuja nayo, nahodha apewe namba ya simu ya katibu, na katibu asilale mpaka apigiwe kwamba wamefika.